Nilivyokalia Kiti cha Mume Wangu

Kaeni. Mkae vizuri, kwa sababu leo sina haraka na sitabembeleza mtu.

Pasta ameniomba nitoe ushuhuda kwa vile ni Jumapili ya vijana. Pale mlangoni amenishika bega akaniambia, "Mama, tafadhali, kwa upole." Pasta, nakuheshimu, wewe ni mgeni hapa, hukuwapo. Upole nilikuja nao kanisani humu wakati ule, wakanirudisha nao nyumbani vile vile. Leo nimeuacha huko. Jina la mtu sitataja hata moja. Kwanza hakuna haja, mnajijua, na wengine naona mmeshaanza kuangalia viatu.

Kwa wageni wetu waliotoka Bungoma mjini na hawanijui: mimi nimezaliwa Kitale. Wazazi wangu walitoka Central, mkoa wa kati, wakanunua shamba kule nje ya mji kabla sijazaliwa. Kwa hivyo mtu akiniambia nirudi kwetu, na hapa Tongaren nimeambiwa hivyo mpaka nimezoea, huwa namuuliza, kwetu ni wapi, hapo Kitale tu? Si nitafika kabla chai haijapoa? Nikaolewa na kijana wa hapa. Alikuwa anafanya kazi kwenye stoo ya mahindi Moi's Bridge, anakuja nyumbani Jumamosi. Mtu mtaratibu, hana kelele. Jumamosi jioni alikuwa anaenda kwa mzee fulani, ndugu ya marehemu baba yake, anakaa na wazee kwenye chungu, anakunywa busaa kidogo, anarudi anakula. Hatukuwahi kugombana kwa ajili ya hiyo busaa, na siwezi kumsingizia mtu aliyekufa.

Mgeni ambaye hajaona, nikueleze. Chungu cha busaa, ile pombe yetu ya unga wa mahindi na wimbi, kinawekwa katikati, wanaume wanakaa wamekizunguka, kila mmoja na kiti chake na mrija wake mrefu. Mrija wa mtu hauguswi na mwingine. Kiti cha mume wangu kilikuwa cha babake, na mrija ulikuwa wa babake.

Na kuna jambo lingine nilifundishwa nikiwa bibi arusi. Baba mkwe hasalimiwi kwa mkono. Hukai alipokaa. Ukiingia, yeye anatoka. Tena baba mkwe si mmoja, ni ndugu zake wote na wazee wote wa rika lake. Mwaka wa kwanza, kwa ujinga wangu wa Kitale, nilikaa kwenye kochi alilokalia mzee mmoja aliyekuja kututembelea. Mzee aliruka kama aliyekalia makaa! Mama mkwe wangu alinikaripia mpaka nikatamani kurudi kwetu kweli. Sasa hiyo habari iwekeni kando kidogo. Tutaihitaji.

Mume wangu akaugua, akafa. Kijana wetu alikuwa darasa la saba, bado sauti yake haijavunjika. Baada ya mazishi ikafika siku ya kunyoa na kugawa vitu vya marehemu. Koti likaenda kwa huyu, baiskeli kwa yule. Mimi nilikuwa ndani na kichwa changu kimenyolewa, naangalia kupitia dirishani. Yule mzee wa chungu, ndugu ya baba mkwe, akainua kiti cha mume wangu, akasema kiti cha mtu hakiachwi wazi. Wakamwita kijana wangu, wakamkalisha. Wakampa mrija. Akavuta, akakohoa, wanawake wakapiga vigelegele. Nikafikiri ni desturi ya siku moja, imeisha. Nani angefikiri vingine?

Ndugu zangu, nawaambia haikuisha. Jumamosi iliyofuata mtu alikuja mpaka kwenye mlango wangu: "Mwenye kiti yuko wapi? Wazee wanamngoja." Mtoto! Wazee wenye mvi wanamngoja mtoto wa darasa la saba! Na yeye akaenda mbio, kama mtu aliyeitwa na serikali. Halafu ikawa Jumamosi na Jumatano. Halafu ikawa kila siku akitoka shule, na sare yake. Anarudi jioni macho yamelegea, anatabasamu peke yake. Walimu wakaniita, wakaniambia analala darasani na ananuka.

Nikaenda kwa yule mzee. Na nilikwenda kwa heshima zote, nikasimama nje ya ua, nikageuza uso, nikaongea na miti. "Baba, huyu bado ni mtoto. Naomba mumrudishe nyumbani."

Mnajua aliniambia nini? Alikuwa upande wa pili wa ua, simwoni. "Mama, huyo unayemwita mtoto ana jina la kaka yangu. Akikaa pale, ni kaka yangu amekaa. Sasa unataka mimi nimfukuze kaka yangu kwenye chungu?"

"Lakini analewa, baba."

"Kwani busaa ni pombe? Busaa ni chakula, mama. Sisi tulikunywa tukiwa wadogo kumshinda, na si tuko hapa?"

Ndiyo, mko hapa. Na wale wa rika lenu ambao hawako hapa, mbona hamkuniambia walipoenda?

Nikaja kwenu. Ndiyo, hapa, kwenye kanisa hili. Nilisimama baada ya ibada, kitambaa cha matanga bado kichwani, nikasema nisaidieni, mtoto wangu anaharibika. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia mambo ya ukoo hayaletwi madhabahuni. Kina mama wenzangu wa kikundi, nyinyi tuliokuwa tukisukana nywele, nilipotoka nje niliwasikia. "Ati huyu wa Kitale anataka kuuza shamba atoroke, ndio anatafuta sababu." Mwingine akacheka. Kicheko hicho nakijua mpaka leo, kiko safu ya tatu upande wa dirisha. Chifu naye aliniambia atafuatilia. Nafikiri bado anafuatilia.

Basi nikafunga virago, nikamchukua kijana nikampeleka Kitale kwa mama yangu. Nikasema nitamtoa kwenye chungu kwa umbali. Alikaa huko muda mfupi tu, akatoroka. Nilipomkuta huku, amekaa kwenye kile kiti kana kwamba hakuna kilichotokea, nilimrudisha nyumbani, nikamuuliza kwa nini alitoroka. Hakunitukana. Aliniambia, "Mathe, huko kwa cucu mimi ni mtoto tu. Huku mimi ni mtu. Wananiita jina la babu. Na nikikaa pale nasikia ni kama baba ametoka hapo sasa hivi, kiti bado kina joto."

 

Hapo nilianguka, na sitaki mtu apambe hilo anguko langu kwa maneno ya kiroho. Nililala kitandani mchana. Shamba likashikwa na magugu hadi ng'ombe wa watu wakawa wanaona aibu kupita. Sikuoga. Nilikuwa nimeacha kumwomba Mungu, na nilimwambia pia kwamba nimeacha. Dada yangu alikuja kutoka Kitale akanilazimisha kunywa uji, akaondoka akilia. Nyinyi mlipita kwenye njia mkasema nimerogwa. Hakuna aliyeingia.

Sasa sikieni kilichonitoa kitandani. Mnajua busaa ikiwa kwenye chungu inaongezwa maji ya moto. Siku moja jioni kijana wangu akarudi anachechemea. Maji hayo yalikuwa yamemwagika pajani, suruali imegandamana na ngozi. Na alikuwa anacheka. Ndugu zangu, ngozi imechubuka inaning'inia, na mtoto anacheka, ati hasikii chochote, ati wazee walimwambia amevumilia kama mwanamume. Hakuna hata mmoja aliyemleta nyumbani. Walimmwagia maji baridi, wakaendelea kuvuta mirija. Nilimbeba kwenye pikipiki hadi zahanati, daktari akaniuliza, "Huyu mtoto amelewa? Nani amemlewesha?" Jibu lilikuwa kijiji kizima.

Kesho yake mchana, na bendeji, akainuka akaenda tena.

Nikamfuata. Sikuwa na mpango wowote, msije mkasema niliota ndoto au niliona maono. Nilikuwa na hasira. Nilipita kwenye lango la yule mzee, ua nililokuwa nikisimama nje yake nikiongea na miti, nikaingia mpaka katikati. Wote walikuwa pale, chungu kinachemka povu, mirija mirefu imeelekezwa ndani. Kijana wangu amenyoosha mguu wake wa bendeji kando. Nikamwambia, "Toka hapo." Kwa mshangao akasimama. Na kiti kilipobaki wazi, mimi nikakaa.

Nilikaa katikati ya baba wakwe zangu wote, goti langu karibu liguse goti la mzee wa upande huu na huu. Wa kwanza kusimama alikuwa yule mzee mwenyewe. Alijifunika uso kwa kofia, akazunguka nyuma ya ghala la mahindi. Kisha wa pili. Kisha wakainuka wote kwa pamoja, wanakanyagana, mmoja akaacha kiatu. Mirija ikabaki kwenye chungu peke yake, inaelekea huku na huku. Akabaki shemeji yangu mmoja ambaye kwake mimi si mwiko, akaniangalia, akasema, "Karibu basi, shemeji." Akavuta kidogo. Akaangalia chungu kizima na viti vitupu. Akasema, "Lakini bana, mtu atakunywa namna gani hivi?" Naye akaondoka.

Nilicheka. Tangu mume wangu augue sikuwa nimecheka.

Kesho yake nikarudi mapema na uteo wangu wa maharagwe, nikakaa kwenye kiti nikichambua. Wakahamisha chungu kwenye boma lingine. Nikabeba kiti kichwani nikawafuata. Wakahamisha tena. Nikafuata. Nilikuwa nimewaambia jambo moja tu, kwa sauti, wakiwa huko nyuma ya maghala: siku mtoto yeyote hayuko kwenye chungu, na mimi sipo. Kunyweni mpaka mshibe, nyinyi ni watu wazima. Lakini akikaa mtoto, mkaza mwana wenu anakuja kukaa.

Sasa hapa ndipo mlipoonyesha rangi zenu. Mliniita mchawi. Mliniita mwanamke asiye na adabu, nyinyi mliomwita mtoto "mzee" ili mpate kumlewesha! Mlikataza watoto wenu kuja kuchota maji kwenye kisima changu. Na mtu, au watu, waliingia kwenye kipande kidogo cha mahindi nilichokuwa nimepata nguvu za kulima tena, wakakifyeka yakiwa bado mabichi, yameanza tu kutoa nywele. Mliofyeka mko hapa leo. Mmevaa vizuri. Mmeimba sauti ya pili. Sijawasamehe, na Mungu anajua kwamba bado tunalizungumza jambo hilo, mimi na yeye.

Siku niliyokuta mahindi yamelala chini, nilikaa kwenye mtaro nikasema basi, wameshinda. Nikamwona mama mmoja anakuja, yule anayeuza omena soko la Misikhu. Hatukuwa marafiki. Alikuwa amebeba kiti cha plastiki. Aliniambia, "Mimi msichana wangu ana miaka kumi na nne, na juzi nimemtoa kwenye chungu kule kwa upande wetu. Kumbe hata wasichana siku hizi. Mimi pia ni mkaza mwana wa watu. Nionyeshe vile unakaa."

"Unakaa tu," nikamwambia.

"Bila kusema kitu?"

"Leta maharagwe. Ukikosa kazi ya mikono utaanza kutukana."

Akaenda upande wao akakaa. Wiki iliyofuata wakawa wengi. Kila mmoja anaenda kwa baba wakwe zake mwenyewe, kwa sababu kwa wazee wa mwingine huna nguvu. Wengine wenu kina mama mliokuja wakati huo ndio mlionicheka mwanzo. Niliwapokea. Kuwapokea niliwapokea, lakini msifikiri nilisahau. Ikafika mahali kijiji kizima wazee wanatembea na viti wakitafuta kivuli kisicho na mkaza mwana, hakuna. Ndipo wakaomba kikao, uwanja wa shule, wao upande mmoja, sisi upande mwingine tumewapa migongo, mwalimu katikati akipeleka maneno. Wakakubali: chini ya miaka kumi na nane hakuna kukaa, hakuna kutumwa kuleta, hakuna kuonja. Anayepika busaa ndiye anayechunga lango lake. Na agano hilo likivunjwa, wakaza wana wanakuja. Baadaye nikasikia chifu kwenye baraza akisema serikali imefaulu. Sawa, chifu. Hongera.

Lakini kumtoa mtoto kwenye kiti si kumponya. Kijana wangu alinichukia. Aliniambia, "Umeniibia baba." Alikaa nyumbani kwangu miezi mingi, anatetemeka kwa kukosa busaa, anavunja vitu. Kuna siku niliogopa kukaa naye chumba kimoja. Mwishowe nilichukua kile kiti nikakiweka mezani kwetu, pale baba yake alipokuwa akikaa Jumamosi akila. Nikamwambia, "Kiti ni chako kweli, hilo wazee hawakudanganya. Kaa hapa. Kula." Halafu akaja akakaa. Nikamwita jina la babu yake, nikampa sahani. Tulilia wote wawili, ugali ukapoa. Kutoka hapo alirudi shule, akakaa darasa moja na watoto waliomfikia kiunoni, wakamcheka, na akavumilia hilo bila mtu kumsifu kuwa mwanamume.

Shukrani zangu sasa. Namshukuru dada yangu kwa ule uji. Namshukuru mama wa omena na kiti chake cha plastiki. Namshukuru mwalimu aliyekubali kumrudisha. Na yule mzee, ambaye naona amekaa karibu na mlango wa nyuma ili apate kutoka nikipita, nawe pia nakushukuru, kwa jambo moja tu. Siku ile ungeweza kubaki umekaa. Ungeweza kusema huyu ni wa kuja, si mkaza mwana wetu, hana mwiko na sisi. Kama ungebaki, wote wangebaki, na mimi ningerudi nyumbani mikono mitupu. Ulisimama. Ulinihesabu kuwa wenu, hata ulipokuwa unanichukia.

Na funzo, kama mnalitaka, ni hili. Watoto wenu wanataka kiti. Hawajaja kwenu kutafuta busaa, wamekuja kutafuta mahali pa kuhesabiwa kuwa watu. Basi wapeni kiti mezani, shambani, humu kanisani. Mkiwanyima, watakaa watakapokalishwa, na huko watapewa mrija.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna jambo la wiki iliyopita. Kijana wangu mwaka huu ametimiza kumi na nane. Nikaanza kusikia maneno huko sokoni, ati sasa ni mtu mzima, mkaza mwana hana la kusema. Alhamisi mchana yule mzee akaja mpaka nje ya ua wangu. Akasimama, akageuza uso, akaongea na miti, kama mimi wakati ule. Mkononi alikuwa na ule mrija.

"Mama," akasema, "sheria ni yenu mliyoiweka. Mtoto amefika. Hii ni mali yake."

Nilikuwa nimeshainama kuokota uteo. Kijana wangu akatoka nyumbani akanipita. Akaupokea mrija kwa mikono miwili, akasema, "Asante, kuka." Kuka ndiyo babu, wageni wetu. Akaupeleka nyuma ya nyumba, akauchomeka juu, kwenye mbao za paa, karibu na koleo kuukuu. Halafu akarudi uani akasema, "Mrija utakaa hapo kwanza. Lakini kiti changu kiko ndani. Ingia ukikalie. Kuna chai."

Mzee hakusogea. Angesogea vipi, na mimi niko mlangoni?

Basi nikainuka. Safari hii ni mimi niliyesimama. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikakaa nje kwenye gogo na maharagwe yangu, na nikawasikia wakinywa chai, mzee na mtoto, sauti ya vikombe tu, maneno machache.

Uteo ninao bado. Mmesikia. Sasa mnaweza kusimama tuombe.